Boti ya mchezo inapimwa, boti ya watu haipimwi

KIROTSHE, MASISI – Kuna boti ndogo ya matanga ambayo urefu wake hauzidi milimita 1000, yaani kama hatua moja ndefu ya mtu mzima. Mwenyewe anasimama ukingoni na telekomande mkononi, boti inakimbia juu ya bwawa kwa nguvu ya upepo. Haibebi mtu, haibebi gunia, haibebi hata kuku mmoja. Ikizama, mwenyewe anakunja suruali, anaingia majini, anaiokota na kuianika kwenye jua.

Lakini boti hiyo haikubaliwi kwenye mashindano kabla ya kupimwa. Uzito wake usipungue gramu 4000. Mkuku wake, ule uzito wa risasi unaoning'inia chini, uwe kati ya gramu 2200 na 2500. Kina chake kisipungue milimita 370 wala kisizidi 420. Anayeipima ni mpimaji anayetambuliwa, si mwenye boti. Ikifaulu inapata cheti. Bila cheti, hakuna mbio.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyoitwa Merdi ilitoka Minova ikielekea Goma. Ilizama ikiwa imekaribia bandari ya Kituku, watu wa ukingoni wakiiona kwa macho yao. Iliripotiwa kwamba ilitengenezwa kubeba watu 80. Gavana wa Kivu Kusini alisema ndani yake walikuwamo watu 278 na kwamba 78 walikufa. Serikali ya Kivu Kaskazini ilitoa hesabu ya chini zaidi. Familia zilibaki zikibishana na karatasi, kwa sababu hapakuwa na orodha ya kuaminika ya walioingia. Boti ya mchezo inajulikana uzito wake kwa gramu. Boti ya watu haikujulikana hata ilibeba roho ngapi.

Hiyo ndiyo aibu inayopaswa kusemwa kwa sauti kuanzia Shasha mpaka Bweremana, na kufika mpaka Walikale.

Kila mara boti inapozama, maneno ni yale yale. Wa kwanza anasema: "Ajali haina kinga." Wa pili anasema ni mapenzi ya Mungu. Wa tatu anasema ni vita. Watu wanazika, wanalia, wanachanga pesa ya sanda, na wiki inayofuata boti nyingine inaondoka ikiwa imejaa vilevile. Msemo huo wa ajali haina kinga umeua watu wengi kuliko mawimbi. Anayeutumia mbele ya boti iliyobeba watu zaidi ya mara tatu ya uwezo wake hamfariji mfiwa. Anamfichia aliyekosa.

Na ajali hii haikuwa ya kwanza. Mwezi wa Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, watu kama 150 wakatajwa kuwa hawajulikani walipo. Rais Félix Tshisekedi alifika huko na kuagiza kwamba jileti za kuokoa ziwe za lazima kwa kila msafiri. Miaka mitano baadaye ikaja Merdi. Nchi jirani pia zina makaburi yao: kwenye Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Ziwa tofauti, bendera tofauti, hesabu ile ile.

Sasa turudi kwenye boti ya mchezo, maana ndani yake kuna somo la ufundi ambalo kila fundi wa mbao wa ziwa Kivu analijua. Kwa nini boti ya kilo nne inawekewa zaidi ya kilo mbili chini kabisa? Kwa sababu uzito ulio chini unaivuta isimame pale upepo unapoilaza. Ukitoa risasi chini na kuifunga juu kwenye mlingoti, boti ile ile, yenye uzito ule ule, itapinduka kabla haijamaliza mita kumi. Kinachopindua boti si wingi wa mzigo peke yake. Ni mahali mzigo ulipowekwa.

Msukuma chukudu wa Masisi hahitaji kufundishwa hilo. Kabla ya kushuka kuelekea Sake anapanga gunia zito la viazi chini, anafunga kamba, ndipo anaweka kitu chepesi juu. Akifanya kinyume, kona ya kwanza itamtupa kwenye shimo. Lakini mtu huyo huyo akifika ukingoni anapanda boti ambamo maharage na makala yamejazwa mpaka mdomoni, na watu wamekaa juu ya magunia, wengine juu ya paa. Uzito wote uko juu. Halafu boti inapokaribia bandari, watu wote wanasimama upande mmoja kutafuta mizigo yao. Kwa fundi yeyote, hapo hakuna siri ya kutafuta.

Wavuvi wa sambaza nao wanajua. Wao wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, na chombo hicho kipana kinakaa juu ya maji usiku kucha na taa na nyavu bila kuyumba. Elimu ya kutengeneza chombo kinachosimama ipo ziwani hapa. Haikuletwa na ndege. Kinachokosekana ni mtu wa kusema "basi, imetosha" kabla kamba haijafunguliwa.

Hapo ndipo wengine watapinga. Watasema huo mchezo wa telekomande ni wa matajiri wa Ulaya wenye wakati wa kupoteza, na kwamba mtu aliyekimbia vita hana haja ya kusikia habari za gramu. Ni kweli boti zile ni za watu wenye pesa. Lakini sheria zao hazigharimu kitu, na zinaweza kuchukuliwa bure. Ziko tatu zinazofaa.

Ya kwanza: anayepima asiwe mwenye chombo. Waingereza walijifunza hili kwa shida. Mbunge wao, Samuel Plimsoll, alipigana na wenye meli mpaka mwaka 1876 ikapitishwa sheria ya kuchora mstari ubavuni mwa meli: maji yakifika hapo, kupakia kumekwisha. Lakini sheria hiyo ilimwacha mwenye meli achague mwenyewe pa kuuchora. Bila shaka alichagua pale penye faida kwake. Ilibidi kusubiri mpaka miaka ya 1890 mahali pa mstari pakawekwa na sheria. Kwenye ziwa Kivu leo, mwenye boti ndiye anayesema boti yake inabeba wangapi, na jibu lake linategemea wangapi wamefika ukingoni.

Ya pili: kila mshindani ana haki ya kulalamika. Kwenye mbio za boti hizo, mtu akiona mwenzake amevunja sheria anaita palepale, na mkosaji anazungusha boti yake mzunguko mmoja kamili kama adhabu, wengine wakimpita. Hasubiri polisi. Kwenye boti ya Minova, mama akisema "tumezidi", anajibiwa nini? "Kama unaogopa, shuka." Anashuka na ndizi zake, zinaoza, watoto hawali. Kwa hiyo ananyamaza. Ukimya wake si ujinga. Amewekwa mahali ambapo kusema kunamgharimu yeye, na kuvunja sheria hakumgharimu mvunjaji.

Ya tatu: kumsaidia aliye hatarini si hiari. Katika kitabu cha sheria za mbio za matanga, kile kinachotumiwa dunia nzima, sheria ya kwanza kabisa haisemi lolote kuhusu ushindi. Inasema chombo kitoe msaada wote kinachoweza kwa mtu au chombo kilicho hatarini. Hao wanacheza, na wameanza na hilo. Bandari inayopokea mamia ya watu kila siku nayo ianze na hilo: mtumbwi mmoja wenye moteri uliotengwa kwa uokozi, mafuta ndani, na kijana anayejua kuogelea aliyekaa tayari.

Kuhusu vita, hakuna anayebisha. Tangu Februari 2024 mapigano yalipokata barabara ya Sake kwenda Minova, ziwa likageuka kuwa barabara. Mama aliyekuwa akipanda gari na mihogo yake alilazimika kupanda boti. Lakini vita vilijaza watu ukingoni. Havikuongeza mbao kwenye boti. Silaha zilihama, bendera zikabadilika, waliokaa kwenye meza ya bandari wakabadilika. Boti zilibaki zile zile. Na jambo moja halikubadilika kamwe: yeyote anayeshika bandari anajua kuhesabu magunia anapotoza ushuru. Anayeweza kuhesabu magunia ya makala kwa ajili ya kodi hawezi kusema ameshindwa kuhesabu vichwa vya watu.

Hoja iliyo nzito kweli ni ya umaskini, na hiyo isipuuzwe. Boti ikibeba 80 badala ya 200, nauli itapanda. Mama anayepeleka beseni moja la sombe Goma hatakuwa na faida. Anayedai sheria bila kujibu hili anadai mama huyo abaki nyumbani na njaa. Jibu ni kupunguza kile kinachomlazimisha mwenye boti kujaza kupita kiasi. Kila kituo, kila karatasi, kila mkono unaonyooshwa njiani unalipwa kwa kuongeza watu ndani. Boti inayoheshimu mstari isamehewe nusu ya ushuru, na inayouzamisha ilipe mara mbili. Hapo mwenye boti atapiga hesabu mwenyewe, na hesabu itamwongoza kwenye usalama.

Watu wa Walikale wasifikiri haya ni mambo ya watu wa ziwa. Lowa unapita Walikale, na huko mtumbwi wa mti mmoja uliochongwa ndio daraja la watu wengi. Vita vikifika, kijiji kizima kinataka kuvuka kwa saa moja. Mtumbwi unaobeba watano unaingiwa na kumi na wawili, watoto mgongoni, godoro kichwani, watu wamesimama. Mto hauulizi kama ni wakimbizi. Kule nako mstari mwekundu ubavuni unaweza kuchorwa, na kanuni moja inaweza kufundishwa mpaka mtoto aijue: ndani ya mtumbwi, kila mtu chini, hakuna anayesimama.

Kazi yenyewe si kubwa. Boti ikiwa tupu, inasogezwa ukingoni penye maji ya kifuani. Wanaingia watu mmoja mmoja na magunia yaliyopimwa kwenye mizani, mafundi wawili wasio wa boti hiyo wakitazama. Inapofika pale mafundi, mwenye boti na wasafiri wanapokubaliana kwamba wimbi la mchana halitaingia, hapo panachorwa mstari mwekundu pande zote mbili, na idadi inaandikwa kwa herufi kubwa. Kopo moja la rangi na asubuhi moja. Baada ya hapo, asiyejua kusoma anaona: mstari ukizama, boti haiondoki.

Na shule za kandokando ya ziwa zinaweza kuanza hata kabla ya bandari. Watoto tayari wanachonga vyombo vyao kwa mgomba, kwa bido zilizokatwa na kwa sandale zilizochakaa. Waandaliwe mashindano. Kila darasa lilete boti isiyozidi mita moja, na telekomande si lazima, kamba inatosha. Mwalimu wa darasa lingine ndiye apime na kuchora mstari. Kisha watoto wapakie mchanga. Atakayebeba mwingi zaidi bila kuzamisha mstari ndiye mshindi. Atakayeuzamisha ametoka, hata kama boti yake bado inaelea. Waweke mchanga ule ule juu ya paa, waone inavyopinduka. Mtoto aliyeona hilo kwa macho yake hatakubali akiwa mtu mzima kuambiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Wakuu wa maeneo, mashirika ya kiraia, mapadri, wachungaji na maimamu waliozika watu wa Merdi wana neno moja la kuwaambia wenye boti na wenye bandari, yeyote yule leo na yeyote yule kesho: chora mstari, andika majina, shusha waliozidi. Boti ya mchezo ya kilo nne imepewa heshima hiyo, na ikizama hakuna anayelia. Mama wa Masisi aliyebeba sombe na mtoto mgongoni hastahili heshima ndogo kuliko hiyo.