Swali Tusilowauliza Wenye Kazi za Mikono

Mwaka 1934, mtoto wa miaka miwili alifariki dunia huko Valcourt, mji mdogo wa jimbo la Quebec nchini Kanada, kwa uambukizo wa utando wa tumbo. Hospitali ilikuwapo, kilichokosekana ni njia ya kuifikia, kwa kuwa theluji ilikuwa imefunga barabara. Baba yake, fundi makanika Joseph-Armand Bombardier, alikuwa tayari akihangaika kubuni chombo cha kupita juu ya theluji, na msiba ule ukamwongezea ari. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa mnyororo na gurudumu la meno, akaanza kuuza gari la theluji la abiria saba. Madaktari wa vijijini walikuwa miongoni mwa waliolitumia. Mwaka 1959 kampuni yake ikatoa chombo chepesi zaidi, Ski-Doo, ambacho ni mmoja wa wazazi wa pikipiki za theluji za leo.

Naanza na kisa hicho kwa sababu chombo kilichochochewa na mgonjwa asiyeweza kumfikia daktari ndicho kilichonikutanisha na mgonjwa aliyewafikia madaktari mara nne bila kusaidiwa.

Nilikuwa katika mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya ngozi, katika kliniki moja ya jimbo hilohilo. Alikuja mtu wa makamo, kope zimevimba hata macho yamekuwa mistari miwili, na ngozi ya katikati ya vidole imepasuka. Faili lake lilionyesha kwamba alikwisha kupewa matone ya macho, kisha antibiotiki, kisha krimu, kisha ushauri wa kubadili sabuni. Mahali pa kuandika kazi yake, kila aliyemwona alijaza neno moja: karani. Nami nilikuwa karibu kumwandikia krimu nyingine na kumwita anayefuata, ila niliona kwenye kucha yake ya gumba tone gumu, jeusi, linalong'aa kama kioo. Nikamwuliza limetoka wapi.

Uso ule uliovimba ukachangamka. Alinieleza kwamba kila mwisho wa juma hujifungia gerejini kwake akitengeneza boneti na paneli za pikipiki yake ya theluji kwa nyuzi za kaboni. Alikuwa na sababu nzuri: umbo lililotengenezwa kwa nyuzi hizo na gundi ya epoksi lina uzito wa takriban gramu 1.6 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali alumini ina gramu 2.7 na chuma karibu 7.9. Katika theluji laini na nene, kila kilo inayopunguzwa husaidia chombo kisizame. Lakini niliposikiliza vema, nilitambua kwamba hesabu za uzito zilikuwa kisingizio tu. Mtu yule alipenda kutengeneza kitu kwa mikono yake, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwadhibu.

Kazi yenyewe haina siri. Fundi huchonga kalibu, huipaka nta ili kitu kisinate, hutandika kitambaa cha kaboni, hukilowesha kwa epoksi iliyochanganywa na kigandishi chake, hukifunika kwa mfuko wa plastiki unaofyonzwa hewa, kisha husubiri kigande. Baada ya hapo hukata, hupiga msasa na kupaka vanishi. Watu wengi huogopa kile cheusi, yaani nyuzi. Haki itendeke: nyuzi za kaboni si asbesto. Uzi mmoja una kipenyo cha mikromita tano hadi saba, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya unywele, na kwa kawaida hukatika kwa upana badala ya kuchanika na kuwa vijiuzi vyembamba zaidi. Huchoma na kuwasha ngozi, na vumbi lake halifai kuvutwa, lakini si hilo lililomleta mtu yule kliniki.

Kilichomleta ni kile kimiminika kisicho na rangi ya kutisha wala harufu kali. Molekuli ndogo za epoksi mbichi, na za vigandishi vyake, hupenya ngozi na kujishikiza kwenye protini za mwili. Kinga ya mwili huzitazama protini hizo kama wageni, ikajifunza kuzipiga vita. Mafunzo hayo yaweza kuchukua wiki, miezi au miaka, na katika muda wote huo fundi haoni lolote, akaamini kwamba yeye "hadhuriki". Siku kinga inapohitimu, tone dogo tu, au mvuke, au vumbi la kitu ambacho hakijaganda sawasawa, hutosha kuwasha moto. Tena moto huo hauwaki papo hapo. Huchelewa siku moja hadi tatu. Anayefanya kazi Jumamosi huvimba Jumatatu, akiwa ofisini, akaituhumu sabuni ya ofisi.

Baridi nayo ilichangia. Epoksi huganda polepole katika baridi, hivyo mafundi wa kule hufunga milango na kuwasha vipasha joto. Joto hubaki ndani, na mvuke na vumbi vilevile. Kope, ambazo ngozi yake ni nyembamba kuliko ya sehemu nyingine yoyote ya mwili, ndizo hutangulia kulia.

Tulimbandika mgongoni viraka vya kupima mzio. Baada ya siku mbili tulivitoa, na mahali pa epoksi palikuwa pamevimba, pekundu, pamejaa malengelenge. Aliniuliza ni lini angeweza kurudi gerejini. Nilimweleza kwamba ukurutu ungetulia kwa dawa, lakini mzio wenyewe, kwa kadiri tunavyojua, haufutiki. Ngozi ikishajifunza haisahau. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apunguziwe, kwamba boneti ilikuwa imebaki kupigwa msasa tu.

Msomaji anaweza kuuliza: theluji hiyo yatuhusu nini sisi? Theluji haituhusu, ila kemia yatuhusu. Niliporejea nyumbani nilianza kuuliza swali lilelile, nikakuta majibu yamejaa tele. Wapo wanaojenga na kuziba boti za faiba pwani, wanaonyoosha bodi za magari vichochoroni, wanaomimina sakafu zinazong'aa, na wanaotengeneza viungo bandia, ambako kitambaa cha kaboni na gundi yake si wageni tena. Mafundi wengi wa faiba hutumia poliesta badala ya epoksi. Hiyo ina mvuke wa stireni unaoleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na kichocheo chake ni kikali kiasi kwamba tone likiingia jichoni laweza kuharibu mboni.

Maoni yangu ni haya: kosa la kwanza si la fundi, ni letu sisi tunaovaa makoti meupe. Tumefundishwa kuuliza, "Unafanya kazi gani?" Mgonjwa hujibu kwa jina la kazi inayomlipa mshahara, au husema hana kazi, nasi tukaendelea. Swali linalofaa ni jingine: "Mikono yako hushika nini, kazini, nyumbani na mwisho wa juma?" Halihitaji mashine wala bajeti. Lingemwokolea mgonjwa wangu ziara nne, na huenda lingemwokolea na gereji yake, kwani kujikinga kungali na maana kabla mzio haujakamilika.

Kosa la pili ni la wauzaji. Si nadra kukuta gundi na kigandishi vimegawanywa katika chupa za maji ya kunywa, bila lebo, wala onyo kwa lugha anayoisoma mnunuzi. Sumu ya panya haiuzwi hivyo bila watu kulalamika. Sioni kwa nini hii iuzwe hivyo. Lebo ya Kiswahili yenye mistari mitano ni gharama ndogo, na mamlaka zinazohusika zingeweza kuidai.

Nitaambiwa kwamba fundi anayelipwa kwa siku hana fedha za kinga. Hoja hiyo ni ya kweli, nami siidharau. Lakini baadhi ya mambo yenye manufaa makubwa hayana bei. Kufanya kazi upande upepo unakotoka hakulipiwi. Kutonawa mikono kwa tina au asetoni hakulipiwi. Vimiminika hivyo huyeyusha mafuta ya ngozi na kuifungulia gundi mlango, na sabuni na maji ni salama zaidi. Kuchanganya gundi kidogo kidogo hakulipiwi, na huzuia kikombe kizima kupata joto la kutoa moshi au hata kushika moto. Kulowesha kitu maji kabla ya kukipiga msasa hupunguza vumbi. Kwenye glovu, za nitraili ni bora kuliko zile nyembamba za lateksi, mradi zibadilishwe mara zinapochafuka. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Na anayepuliza vanishi ya mchanganyiko wa vitu viwili ajue kwamba nyingi zina isosayanati, ambazo huleta pumu. Hiyo isipulizwe kabisa ndani ya chumba kisicho na vifaa vyake. Kimiminika kikiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi kwa dakika zisizopungua kumi na tano, kisha hospitali bila kuchelewa.

Simwombi mtu yeyote aache kutengeneza. Bombardier mwenyewe alianza akiwa kijana mwenye karakana ndogo, na ulimwengu wa theluji ulipata njia kwa sababu hakuacha. Ninachoomba ni kwamba vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kujikinga pamoja na kuchanganya, na kwamba wenzangu wa vituo vya afya wamwangalie mgonjwa kucha zake kabla ya kuandika dawa.

Mgonjwa wangu alipona ukurutu. Boneti yake, alivyoniambia alipokuja mara ya mwisho, ilimaliziwa na jirani. Nilimwuliza kama yule jirani alivaa glovu. Hakujua.