Somo la Angola kwa Wazazi wa Kitisuru

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Aghalabu methali hii hutajwa panapozungumziwa mavazi na ngoma, ilhali mila huanza kupotelea kinywani. Angola ni ushahidi tosha.

Lugha za nchi hiyo, zikiwemo Kimbundu, Umbundu na Kikongo, zina nasaba moja na Kiswahili. Mswahili asemapo mtu na watu, msemaji wa Kimbundu husema mutu na atu. Jina la nchi lenyewe limetokana na ngola, cheo cha wafalme wa Ndongo. Isitoshe, sarufi ya Kimbundu ilichapishwa Lisbon mnamo 1697. Lugha hizo hazikudhoofika kwa uchache wa msamiati. Mwaka wa 1921 amri ya mkoloni Mreno ilipiga marufuku kufundishwa kwake shuleni. Baada ya uhuru wa 1975, Kireno kilibaki kuwa lugha rasmi, navyo vita vilivyodumu hadi 2002 viliwakimbiza wengi mijini, ambako Kireno kilitawala. Sensa ya 2014 ilionyesha kwamba takribani asilimia 71 ya wakazi walizungumza Kireno nyumbani, na asilimia 8 hivi Kimbundu.

Kitisuru, mtaa wa wenye uwezo viungani mwa Nairobi, hauna amri kama hiyo. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na kuiagiza serikali iendeleze lugha za kiasili. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za mitaa ya aina hiyo Kiingereza ndicho lugha ya sebuleni. Kiswahili huachiwa yaya jikoni na bawabu langoni. Kikuyu, lugha ya wenyeji wa ardhi hiyo, husubiri ziara ya kwa nyanya. Mtoto hukua akiamini kuwa Kiswahili ni cha kuamrishia watumishi.

Wazazi hujitetea kuwa Kiingereza huleta ajira. Ni kweli, lakini shule zinatosha kukifunza. Heshima kwa Kiswahili haifunzwi darasani ikiwa imenyimwa nyumbani.

Basi wasomi wa Kiswahili wasiishie kuilaumu serikali makongamanoni. Wapo miongoni mwao wanaohadhiri kwa Kiswahili mchana na kuwalea wanao kwa Kiingereza jioni. Waangola walipokonywa lugha zao; Wakenya wanazitupa kwa hiari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.