Kazi ipo Ujerumani, nyumba je?
Wiki hii binti wa dada yangu, muuguzi aliyehamia Leipzig, amenitumia picha ya nyumba aliyoipata: jikoni hakuna sinki wala jiko, ni mabomba mawili tu yanayochungulia ukutani. Huko ni jambo la kawaida. Mpangaji akihama, aghalabu huondoka hata na makabati. Lakini sinki litanunuliwa. Kinachoniuma ni mzunguko uliotangulia. Mwenye nyumba anataka hati ya Schufa, yaani rekodi ya namna unavyolipa madeni, ilhali mgeni hajawahi kukopa hata senti moja nchini humo. Anataka hati za mshahara za miezi mitatu, za kazi ambayo ndiyo kwanza inaanza. Na bila barua ya mwenye nyumba huwezi kujiandikisha manispaa, jambo ambalo sheria inakutaka ulifanye ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Binti huyu jembe alikabidhiwa tangu Nairobi, pa kulilaza ndipo hakuwa napo. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi, nami nasema wazi: mwajiri anayemwita muuguzi kutoka mbali bila kumtafutia paa la miezi ya kwanza amemtelekeza. Wanaofunga mizigo sasa wajue pia kwamba sheria ya huko hairuhusu amana izidi kodi ya nyumba ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu.