Makobola: anayetaka kuacha pombe akakae na nani?

Kutoka Uvira hadi Makobola, kando ya barabara ya taifa namba 5, kupata kikombe cha kanyanga si kazi. Kazi ni kupata fasi ya kukaa na wenzako wanaojaribu kuiacha. Mvuvi anaweza kuapa usiku kwamba hatakunywa tena. Asubuhi anatoka ziwani, ndagala zinauzwa, franga zinaingia mfukoni, na wale wanaomwita kukaa nao ni walewale wa kikombe. Akikataa, anabaki peke yake. Wengi wanarudia pombe hapo, hata kama nia wanayo.

Wakaaji wa Makobola wamebeba mengi. Mwisho wa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, mamia ya watu waliuawa hapa, na kuna familia ambazo kilio chao hakijaisha. Desemba 2025 vita vikafika Uvira, watu wakakimbia tena. Kwa aliyepoteza usingizi, pombe inafanya kama dawa ya usiku mmoja, kisha kesho inadai zaidi. Upande mwingine, mama anayepika kanyanga ya mihogo ao ya mahindi anatafuta minervali ya watoto. Ndiyo maana kusema tu "wafunge vilabu" hakutoshi. Anayelewa na anayeuza wanaweza kulala nyumba moja.

Watu wawili wanatosha

Namna ya mkutano wa wanaoacha pombe inajulikana tangu 1935. Mwaka huo, katika mji wa Akron nchini Marekani, mfanyabiashara mmoja na muganga mmoja, wote walevi, waliona kwamba kila mmoja anaweza kukaa bila kunywa akizungumza na mwenzake. Hapo ndipo chama cha Alcoholics Anonymous kilianza. Sharti la kuingia ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Hakuna malipo, na jina la mwenzako hulitoi nje. Zanzibar, tangu 2009, njia hiyohiyo inatumika kwa Kiswahili katika nyumba za wanaoacha madawa ya kulevya, zinazoongozwa na watu waliopita mulemule.

Kukaa duara si kitu kigeni kwetu. Muso zinakutana kila juma, na sanduku lao jekundu linasaidia mwenye kilio ao mgonjwa. Wabembe wana lubunga, ambako wazee wanafundisha na kukata maneno. Lakini muso ina daftari lenye majina na michango, na lubunga ina mkubwa anayetoa hukumu. Mkutano wa wanaoacha pombe hauna daftari wala hakimu. Mtu anasema ya kwake, wenzake wanasikiliza, hakuna anayemkemea. Aliyeanguka juma lililopita anakaribishwa sawa na mwenye mwaka mzima bila kunywa.

Shida kubwa ni siri

Katika mji mkubwa mtu anaweza kuketi na watu wasiomjua. Makobola, ukiingia mlango fulani siku ya posho, siku ya yenga kanisa zima limejua. Kwa mwanamke ni mbaya zaidi. Mwanaume mlevi anachekwa, lakini mwanamke mlevi anaweza kufukuzwa nyumbani. Hapa siri haitakuwa kuficha sura. Itakuwa ahadi ya kila mmoja kwamba yaliyosemwa hayatoki nje.

Fasi nayo ina maana. Chumba cha kituo cha afya kinafaa kuliko uwanja wa chefu ao mbele ya madhabahu, sababu watu wanaingia pale kwa magonjwa ya kila aina. Wanawake wapate saa yao. Na wachungaji wasimlazimishe mtu kutoa ushuhuda wa pombe yake mbele ya watu. Akitaka, atautoa mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kuwa karibu na muganga. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikata kwa ghafla, mwili unaweza kumgeuka. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, anaona vitu visivyokuwepo, ao anapata kifafa. Hali hiyo inaweza kuanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho na kuzidi katika siku mbili tatu zinazofuata. Inaweza kuua. Hayo si mapepo, na kumfungia ndani kwa maombi peke yake ni hatari. Apelekwe kituo cha afya, kisha hospitali kuu ya Nundu kwa kusini ao ya Uvira kwa kaskazini. Bukavu kuna Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mabruda wa Upendo, lakini ni mbali, na barabara haipitiki kila siku.

Mwenye simu ya intaneti anaweza kuingia mikutano ya Kifaransa inayofanyika mtandaoni. Ila megabaiti ni franga, na Kifaransa si cha kila mtu.

Kwa hiyo mambo yanarudi kijijini. Kituo cha afya kinaweza kutoa chumba saa moja kwa juma. Muganga anaweza, kwa siri na kwa ruhusa yao, kukutanisha wagonjwa wawili wenye nia moja. Familia nazo zinaweza kuacha kuuliza "ulikuwa wapi?" kwa mtu aliyerudi nyumbani bila kulewa.