Sentensi Haikatwi Vipande

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi, wanaodhani kwamba kuitia programu ya kompyuta katika Kiswahili ni kazi ya kamusi tu. Kwa maoni yao, mtunga programu hutoa orodha ya maneno ya Kiingereza, mfasiri hujaza Kiswahili mbele ya kila neno, na kazi imekwisha. Dhana hiyo ni potofu, na madhara yake hayamfiki aliyeianzisha. Humfika msomaji wa mbali ambaye hakuulizwa.

Yafaa kwanza kazi yenyewe ielezwe. Programu huandikwa kwa lugha ya amri, na ndani ya amri hizo yamo maneno ambayo mtumiaji atayaona katika kioo: maswali, maonyo, taarifa na majina ya vitufe. Ili maneno hayo yafasiriwe, mtunga programu huyatia alama. Kisha chombo maalumu hupita katika maandishi yote, kikayachambua yaliyotiwa alama na kuyakusanya katika faili moja la kiolezo. Chombo kijulikanacho sana kwa kazi hii ni gettext ya mradi wa GNU, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1995. Mfasiri hupewa faili hilo. Aghalabu haioni programu yenyewe. Huona mistari tu. Basi kila kosa lililotendwa kabla ya uchambuzi humfikia likiwa limekwisha kuota mizizi, wala hakuna kamusi iwezayo kuling'oa.

Na itazamwe Itigi, mji wa stesheni ya Reli ya Kati katika mkoa wa Singida. Humo na kandokando yake hukutana Wakimbu, Wagogo, Wanyaturu na Wasukuma, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Lugha zao za nyumbani ni za Kibantu, na zote, kama Kiswahili, hupatanisha nomino na kitenzi chake. Mtu wa huko hakuhitaji shule ili ajue kwamba mgonjwa amepokelewa, kitabu kimepokelewa na majina yamepokelewa. Ujuzi huo aliunyonya pamoja na maziwa ya mama.

Sasa na achukuliwe, kwa mfano, karani wa zahanati mjini humo aliyeletewa programu ya kuandikisha watu. Mtunga programu ameandika kitenzi kimoja cha Kiingereza chenye maana ya kupokelewa, akaacha pengo mbele yake ili nomino yoyote iingie. Kwa Kiingereza pengo hilo halina dhara, maana umbo hilo la kitenzi halibadiliki. Mfasiri, kwa kuwa hajui ni nomino gani itakayoingia, huandika "imepokelewa". Siku ya kwanza ya kazi kioo chasema: "Mgonjwa imepokelewa." Mtu amefanywa kitu. Wasomao watacheka na kumlaumu mfasiri, au watasema kwamba Kiswahili hakiiwezi kompyuta. Kumbe aliyekosa ni yule aliyeikata sentensi. Sentensi ya Kiswahili si garimoshi ambalo behewa lolote laweza kufungwa nyuma ya behewa lolote. Nomino ikibadilika, hubadilika pamoja nayo kivumishi, kitenzi na kiwakilishi.

Kosa la ngeli huudhi, lakini kosa la saa hupoteza. Kiingereza huhesabu saa tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Waswahili huhesabu tangu kucha na tangu kuchwa. Herufi mbili AM zikichambuliwa peke yake, mfasiri huziandikia "asubuhi", na katika orodha hakuna wa kumsahihisha. Na idhaniwe kwamba abiria wa Itigi anangoja treni ya saa tisa ya usiku. Ujumbe wamwambia kwamba itafika "saa 3:00 asubuhi". Atakwenda stesheni saa tatu ya asubuhi, saa sita baada ya treni kupita. Tarakimu ni ileile, neno limo katika kamusi, na kauli nzima ni ya uongo.

Watetezi wa orodha watajibu kwamba mtunga programu hawezi kujua lugha zote za dunia. Ni kweli, wala hakuna anayemtaka ajue. Anatakiwa aiache sentensi nzima, aandike kando yake maelezo mafupi ya mahali itakapoonekana, na atenganishe maneno yenye sura moja na kazi mbili. Neno "open" la Kiingereza ni amri, nalo ni sifa. Likiachwa bila maelezo, chombo hulikuta mara mbili na kuliorodhesha mara moja, na mfasiri hulazimika kuchagua baina ya "fungua" na "wazi". Gettext ina nafasi ya maelezo, nafasi ya muktadha na nafasi ya umoja na wingi. Katika chombo hichohicho Kiarabu kimewekewa namna 6 za idadi na Kirusi 3. Kiswahili chahitaji 2 tu. Nafasi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuidai.

Wala wasomi wa Kiswahili hawana udhuru. Wametumia miaka mingi wakishindania "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi", kana kwamba jina la chombo likipatikana lugha imekwisha kuingia ndani yake. Istilahi ni za lazima, lakini ni matofali tu. Nyumba hujengwa kwa sarufi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilionyesha kwamba jambo lawezekana. Iliyobaki ni kulifanya kuwa desturi, na desturi haiji mpaka mwalimu wa sarufi na mtunga programu waketi meza moja.

Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Heshima hiyo itakuwa nusu ikiwa mwananchi ashindaye kesi yake kwa Kiswahili fasaha atasoma hali ya malipo yake kwa Kiswahili cha vipande. Kwa hiyo kila ofisi ya umma inunuapo au iundapo programu haina budi kuandika sharti katika mkataba: sentensi ziwe nzima, maelezo yawepo, na Kiswahili chake kisomwe katika kioo chenyewe, na watu wa mahali itakapotumika, kabla fedha hazijalipwa. Samaki hukunjwa angali mbichi. Programu iliyokwisha kukauka hairekebishwi kwa kumlaumu mfasiri.