Jepesi kwa Jina, Zito kwa Mizani

Lugha ina desturi ya kulihifadhi jina hata baada ya kitu chenyewe kugeuka. Jina hubaki juu ya mlango kama kibao cha duka lililokwisha kuuzwa, huku ndani pakiuzwa bidhaa nyingine kabisa. Mfano ulio wazi wa jambo hili unapatikana mahali ambapo wanaisimu hawazoei kutafuta mifano yao, yaani katika yale magari madogo ya wazi, yenye viti viwili tu, yanayoundwa kwa ajili ya watu wanaopenda kuendesha.

Mwaka 1996 kampuni ya Mercedes-Benz ya Ujerumani ilizindua gari la aina hiyo lililoitwa SLK. Herufi hizo tatu ni kifupisho cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya gari la kimichezo, jepesi na fupi. Mwaka uo huo kampuni ndogo ya Lotus, yenye kiwanda chake Hethel katika jimbo la Norfolk, Uingereza, ilianza kuuza gari lililoitwa Elise. Jina hilo lilitokana na la Elisa, mjukuu wa Romano Artioli aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni wakati huo. Hapakuwa na neno lolote la kujisifia wepesi ndani yake, lakini mizani ilisema yaliyonyamaziwa na jina. Elise lilikuwa na uzito wa takriban kilo 725, ilhali SLK lilikuwa na takriban kilo 1,270. Lile lililojiita jepesi lilimzidi mwenzake kwa uzito unaokaribia magunia sita ya mahindi.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu anayekwenda kazini kwa matatu, au mwanafunzi anayetembea kilomita kadhaa hadi shuleni, ana haja gani na magari ya matajiri wa Ulaya? Haja ipo, nami nitaieleza. Kwanza lakini ni haki tuyatazame magari yenyewe, na jinsi mtu anavyoishi nayo siku baada ya siku.

Kuishi na Elise si jambo la raha. Kiunzi chake ni cha aluminiamu, na vipande vyake vimeshikanishwa kwa gundi badala ya kulehemiwa. Kiunzi hicho kina kilo 68 tu, uzito wa mtu mmoja mzima. Ili kiwe imara, kingo zake za pembeni zilifanywa pana na za juu, hivyo kwamba anayeingia sharti kwanza aivuke kingo, kisha ajishushe mpaka akae karibu na ardhi. Toleo la kwanza halikuwa na mifuko ya hewa wala breki za kisasa zinazozuia magurudumu yasikwame. Usukani haukusaidiwa na mtambo wowote. Sakafu ilikuwa bati tupu la aluminiamu. Paa lilikuwa la turubai, na kulifunga mvua inyeshapo ni kazi ya mikono na subira. Nafasi ya mizigo ni ndogo, nayo iko nyuma ya injini inapopata joto. Sehemu ya mbele ya bodi ni kipande kimoja kikubwa cha faiba, na ya nyuma vilevile, kwa hiyo hata kugongwa kidogo katika maegesho kwaweza kuleta gharama kubwa.

Kwa nini basi mtu ajitie katika dhiki hiyo? Kwa sababu wepesi hulipa. Injini ya Elise ilitoka katika magari ya kawaida ya Rover, ikiwa na nguvu farasi 118 tu, lakini ililifikisha gari kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika muda wa takriban sekunde sita. Breki ndogo zilitosha, tairi nyembamba zilitosha, na mafuta kidogo yalitosha. Usukani, kwa kuwa haukubeba mzigo mkubwa, ulimweleza dereva hali ya barabara kama ncha za vidole zinavyomweleza mshonaji hali ya kitambaa.

SLK lilikuwa na tabia nyingine. Mwenye nalo alibonyeza swichi, na kwa muda wa sekunde 25 hivi paa la chuma lilijikunja lenyewe na kuingia nyuma ya gari. Mvua ikinyesha, alibonyeza tena, akawa ndani ya gari lililofungwa barabara, lisiloingiza maji wala kelele. Lilikuwa na mifuko ya hewa, breki za kisasa na viti vya kutuliza mgongo. Mtu angeweza kwenda nalo ofisini akiwa amevaa suti, na jioni akarudi bila kuchoka. Dosari zake zilikuwa za namna nyingine: paa likikunjwa, nafasi ya mizigo hupungua kwa zaidi ya nusu, na pampu na mabomba ya majimaji yanayoliendesha paa hilo nayo huzeeka na kudai fedha.

Tukiwa wakweli, tutakubali kwamba mtu mwenye gari moja tu, anayelihitaji kila asubuhi, angefanya busara kuchagua SLK. Starehe si dhambi. Mgongo unaouma hauna falsafa. Ugomvi wangu basi si na starehe. Ugomvi wangu ni na neno jepesi lililobandikwa juu ya starehe ili mnunuzi asiulize bei yake kwa kilo.

Neno hilo lilikuwa na haki yake zamani. Mwaka 1952 Mercedes-Benz iliunda gari la mashindano lililoitwa 300 SL, na herufi SL zilimaanisha jepesi mno. Kiunzi chake kilikuwa cha mabomba membamba yaliyounganishwa kwa pembetatu. Gari hilo lilishinda mashindano ya Le Mans mwaka uo huo. Lilipotolewa toleo la kuuzwa kwa umma mwaka 1954, milango yake ilifunguka kwenda juu kama mbawa. Wengi walidhani hilo lilikuwa pambo. La hasha! Mabomba ya kiunzi yalipita juu ubavuni, pakawa hapana nafasi ya mlango wa kawaida. Kwa maneno mengine, 300 SL lilikuwa na taabu ileile ya kuingia ambayo Elise lilikuja kuwa nayo zaidi ya miaka 40 baadaye. Mwaka 1957 lilikuja toleo la wazi. Kiunzi kilibadilishwa ili mlango ufunguke kama kawaida, starehe ikaongezeka, na uzito nao ukaongezeka. Toka hapo safari ikawa ya upande mmoja. Gari linaloitwa SL lililozinduliwa mwaka 2021, katika toleo lake la injini ya silinda nane, linakaribia tani mbili. Herufi ni zilezile.

Uzito hauji kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Ukiweka paa la chuma, utahitaji pampu ya kuliinua. Gari likiwa zito, utahitaji injini kubwa ili lisizorote. Injini kubwa huleta mwendo mkali, na mwendo mkali hudai breki kubwa na tairi pana. Tairi pana huufanya usukani kuwa mgumu, kwa hiyo utauongezea mtambo wa kuusaidia. Kisha kiunzi sharti kiimarishwe ili kiyabebe yote hayo, na mzunguko huanza upya. Hakuna hata mmoja katika mafundi hao aliyekusudia kuunda gari zito. Kila mmoja aliongeza kitu kimoja tu chenye manufaa.

Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus aliyefariki mwaka 1982, aliufahamu mzunguko huo na akaugeuza uende kinyume. Kipande kimoja kikiondolewa, vile vilivyokuwa vikikibeba navyo huweza kupunguzwa. Gari lake la Elan la mwaka 1962 halikufika hata kilo 700. Hata hivyo, si haki kuusifu wepesi bila kutaja hatari zake. Mwaka 1970 dereva wa Lotus, Jochen Rindt, alifariki katika mazoezi huko Monza, Italia. Uchunguzi ulitaja kuvunjika kwa mhimili wa breki ya mbele kuwa chanzo cha gari kuacha njia, ingawa vizuizi vya kando vilivyowekwa vibaya ndivyo vilivyosababisha kifo. Fundi anayepunguza sharti ajue mpaka wa kupunguza. Mfuko wa hewa, mkanda na breki njema ni uzito pia, lakini ni uzito unaookoa roho, na atakayeuita anasa hajui asemalo.

Hapa ndipo swali letu linapowafikia hata wasiomiliki gari lolote. Mwalimu wa fizikia atakuambia kwamba nishati ya kitu kinachokwenda hulingana na uzito wake, mwendo ukiwa uleule. Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, Elise tupu lina takriban kilojuli 280. SLK lina takriban kilojuli 490. Gari la tani mbili na nusu lina zaidi ya kilojuli 960. Nishati hiyo yote sharti iende mahali gari linaposimama: ama kwenye breki, ama kwenye ukuta, ama kwenye mwili wa mtu. Aliyemo ndani ya gari zito amekingwa vyema zaidi zinapogongana na gari jepesi. Kila mtu akijinunulia uzito ili ajikinge na uzito wa mwenzake, watakaobaki bila kinga ni mwenye baiskeli, abiria wa bodaboda na mtoto anayevuka barabara kwenda shule. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye gari zito hausikii uzito wake, kwa kuwa umebebwa na injini, na siku ya ajali hubebwa na mwingine.

Kwa masikitiko, Lotus yenyewe imeingia katika mkumbo huo. Uundaji wa Elise ulikoma mwaka 2021. Mwaka uliofuata kampuni ilizindua Eletre, gari kubwa la umeme lenye uzito wa karibu tani mbili na nusu, linaloundwa Wuhan nchini China. Magari matatu na zaidi ya Elise ya kwanza yangewekwa kwenye upande wa pili wa mizani ili kusawazisha.

Lakini tusidhani kwamba uzito ni ajali isiyoepukika. Kampuni ya Mazda ya Japani ilizindua gari lake dogo la wazi, MX-5, huko Chicago mwaka 1989, baada ya mafundi wake kuichunguza kwa makini Elan ya Chapman. Nalo liliongezeka uzito toleo baada ya toleo. Ndipo toleo la nne la mwaka 2015 lilipopunguzwa takriban kilo 100 kuliko lililotangulia, likarudi kwenye tani moja hivi, huku likiwa na mifuko ya hewa na breki za kisasa. Lina starehe ya kutosha, na wepesi wa kutosha. Waliolipunguza waliuliza swali moja juu ya kila kipande: hiki kimekaa hapa kwa nini?

Swali hilo ndilo ninalotaka walimu na wanafunzi walichukue. Katika Kiswahili tunamsifu mwepesi wa kuelewa na kumsikitikia mzito wa kuelewa, lakini papo hapo wakubwa wetu tunawaita wazito, nasi tunaona fahari kuongeza. Kamati hupimwa kwa wingi wa wajumbe, ripoti kwa wingi wa kurasa. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulilalamikiwa kwa miaka mingi kwa sababu ya wingi wa masomo, mpaka mtaala ukapunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuna somo hata moja lililoingizwa kwa nia mbaya. Kila somo lilikuwa na faida, kila somo lilikuja na kitabu chake na mtihani wake, na mbebaji wa yote alikuwa mtoto mmoja mwenye mkoba mmoja. Mtaala uliofuata nao hauna budi kupimwa kwa mizani iyo hiyo.

Basi mwalimu wa lugha na awafundishe wanafunzi wake kulishuku jina. Wasomapo tangazo linalosema kwamba kitu ni chepesi, rahisi au cha kisasa, na wadai tarakimu. Mwalimu wa fizikia na awape tarakimu hizo wazifanyie hesabu. Na siku watakapokuwa wao ndio mafundi, wahariri au waandalizi wa mitaala, kabla ya kuongeza kipande kimoja chenye manufaa, kwanza na waulize ni nani atakayekibeba.