Mashini inajibu, lakini nani anabeba lawama?

Mwisho wa mwezi, siku mushahara iliingia, bibi yangu alituma 85 000 franga ku telefone, kwa mutoto wetu mwenye kusoma Likasi. Alikosea chifre moja tu. Franga ikaenda kwa mutu tusiyemujua.

Zamani ulikuwa unapiga ku kompanyi ya telefone, musichana anakujibu, unamueleza mu Kiswahili chetu, naye anafunga ile franga mbele mutu mwengine aitoshe. Siku ile walitutuma ku WhatsApp. Mashini ikajibu palepale, na jina la mwanamuke, Kifaransa safi sana. Ikasema tufinye 1 juu ya forfe, 2 juu ya solde, 3 juu ya promosyo. Bibi yangu akaandika: «Nimetuma franga kwa mutu mubaya, munisaidie kuifunga.» Mashini ikasema haikuelewa, kiisha ikamupendekezea forfe ya intaneti ya wiki moja. Kesho yake nilipotoka ku ekipe ya usiku nikaenda ku ofisi yao. Franga ilikuwa imekwisha kutoshwa.

Ndugu wasomaji, mambo haya si ya nyumba yangu peke yake. Mu sendika tunapokea malalamiko ya namna hii karibu kila mwezi: kadi ya banki imezibwa, mushahara umekatwa bila mutu kueleza sababu, na ukiuliza, ni mashini njo inajibu.

Tujue kwanza hii mashini ni kitu gani. Kuko aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kufinya 1, 2, 3: inajua tu njia zile walizoiandikia, ukitoka pembeni inapotea. Ya pili ni ile iliyoenea tangu ChatGPT ilipotoka mwezi wa novemba 2022. Ile inaandika jibu yenyewe: imesomeshwa maandishi mengi sana, na inatafuta neno gani linaweza kufuata lingine. Njo maana inaongea vizuri hata pale inadanganya. Tena maandishi ile ilisoma ni mengi ya Kiingereza. Kiswahili cha Dar es Salaam kiko kidogo. Kiswahili cha Kolwezi na Lubumbashi, sawa vile tunakiongea ku nyumba, ni haba kabisa.

Wakubwa wa kompanyi wanaipenda kwa sababu tunazoelewa wote. Hailale, haiombe konje, haigonjwe, haiingie mu sendika. Mu februari 2024 Klarna, kompanyi ya Suede ya kukopesha watu franga ya kununua bintu, ilijisifu kama mashini yao ilifanya mazungumuzo milioni 2,3 mu mwezi moja, kazi ya watu 700. Mwaka wa 2025 mukubwa wa kompanyi ileile, Sebastian Siemiatkowski, alisema kama walitafuta sana kupunguza matumizi na kazi ikakosa uzuri. Wakaanza tena kuandika watu. Ninaomba wale wenye kutuambia «ni maendeleo, hamuwezi kuizuia» wasome habari hii mbele ya kufukuza mutu.

Kesi yenye kunigusa zaidi ni ya Kanada. Mutu mmoja alifiwa na nyanya yake mu novemba 2022. Akauliza mashini ya Air Canada juu ya bei ya tikiti ya matanga. Mashini ikamuambia anunue, kiisha aombe kupunguziwa mbele ya siku 90. Alipoomba, kompanyi ikakatala: sheria yao haikuwa vile. Mbele ya baraza ya jimbo la British Columbia, Air Canada ilijitetea kama mashini ni sawa mutu mbali, mwenye kubeba lawama yake mwenyewe. Soma tena ile maneno. Mashini haina mufuko, haina nyumba, utaishitaki namna gani? Mu februari 2024 baraza ilikatala ile hoja: kile kinachoandikwa ku ukurasa wa kompanyi ni neno la kompanyi, ikuwe mutu aliandika ao mashini. Air Canada ikalipishwa karibu dolari 812 za Kanada. Franga ni kidogo, lakini njia imeonekana.

Sipingi kila kitu. Wanawake wengi wa wachimbaji wanauzisha ku telefone: samaki, maputu, mafuta, unga wa bukari. WhatsApp Business iko ya bure, na unaweza kuipanga ijibu yenyewe pale uko ku soko ao kanisa: bei hii, saa hizi za kufungua, nitakuandikia mangaribi. Hiyo inasaidia kweli, sababu mashini inasema tu kile mama mwenyewe aliandika, na mangaribi ni yeye anajibu. Muteja akikasirika, anajua mulango wa nani wa kupiga. Kompanyi kubwa zingefanya vile, tusingekuwa na neno. Lakini wengi wanatumia mashini kama mulinzi wa kuzuia watu ku mulango, na wakati ule ule wanaipa kazi ya kuuzisha forfe. Mutu analia, unamutangazia promosyo.

Kuko tena upande ambao hatuambiwe. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote, na sehemu yake inaingia mu betri za telefone kama ile tunashika tukingojea jibu. Na gazeti TIME lilionyesha mu januari 2023 kama vijana wa Nairobi walisomeshwa maneno machafu ya kutisha, siku nzima, ili ChatGPT ijue kuyaepuka, kwa malipo ya kati ya dolari 1,32 na 2 kwa saa. Wenye kuchimba na wenye kuchambua, wote ni watu wa upande wetu.

Sasa hivi mashini inakaribia ku mine. Kompanyi zingine zinataka maswali juu ya mushahara, konje na matunzo ya hospitali yapite ku telefone. Delege wa kila ekipe wasitie sahihi mbele ya kuuliza mambo haya: mutu aweze kuomba kuongea na mutu, siku ileile, mu Kiswahili, jibu la mashini lihesabiwe kama jibu la kompanyi, na mufanyakazi akamate picha yake, na tujue wanachunga wapi habari za ugonjwa wa watoto wetu. Inchi yetu iko na sheria ya numeriki ya 13 machi 2023, yenye kulinda habari za mutu. Tuikamate mukononi ku meza ya mazungumuzo.

Minervali ya mutoto, niliilipa kwa deni. Kompanyi ya telefone bado inanitumia promosyo.